Nani Aujuaye Moyo wa Mpiga Risasi?

Somo la kusomwa nyumbani na kujadiliwa katika vikundi



Mtu akimpiga mwenzake risasi, kisha akasema, "Nilikuwa najihami," maswali mawili huzuka papo hapo. La kwanza: Alifanya nini? La pili: Kwa nini alifanya? Swali la kwanza lina mashahidi, lina majeraha, lina maganda ya risasi yaliyoanguka chini. Swali la pili halina shahidi wa macho hata mmoja, maana nia haikai mahali pa kuonekana. Lakini tazameni jinsi tulivyo. Kwa kawaida sisi hulijibu swali la pili kwanza, tena upesi, na jibu hilo ndilo tunalolitumia kulijibu lile la kwanza.

Katika somo hili twataka kulitazama jambo hilo kwa utulivu. Tumechagua kesi moja ya mbali, ambayo haimhusu jamaa yetu yeyote, ili tuweze kufikiri bila hasira. Mwishoni tutarudi nyumbani.

1. Mambo yalivyotokea

Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1984, siku tatu kabla ya Krismasi, mtu mmoja jina lake Bernhard Goetz alipanda treni ipitayo chini ya ardhi katika mji wa New York, Marekani. Alikuwa Mzungu wa miaka 37, fundi wa vyombo vya umeme, akiishi peke yake. Katika behewa lile walikuwamo vijana wanne weusi wenye umri wa miaka 18 na 19, waliotoka sehemu ya mji iitwayo Bronx. Abiria wengine nao walikuwamo.

Kijana mmoja, Troy Canty, alimkaribia Goetz akamwambia ampe dola tano. Goetz alisimama, akachomoa bastola iliyokuwa na risasi tano, akafyatua zote. Vijana wote wanne walijeruhiwa. Mmoja wao, Darrell Cabey, alikatwa uti wa mgongo, akapooza. Kondakta wa treni alipofika na kumwomba Goetz bastola yake, alikataa, akashuka relini, akatokomea gizani.

Tarehe 31 Desemba alijipeleka mwenyewe katika kituo cha polisi cha mji wa Concord, katika jimbo la New Hampshire, akasema, Mimi ndiye mnayemtafuta.

Hayo ndiyo mambo yasiyo na ubishi mkubwa. Hayajazi hata ukurasa mmoja. Lakini yaliyosemwa juu ya nia ya mtu huyu yamejaza vitabu.

2. Siku tisa za kubuni

Na tuzingatie tarehe hizo mbili. Tangu tarehe 22 hadi 31 ni siku tisa. Kwa siku zote hizo watu wa mji hawakujua jina la mpiga risasi, wala kazi yake, wala habari za maisha yake. Hata hivyo nia yake ilikwisha kujulikana mji mzima!

Polisi walitoa namba ya simu ili mwenye habari awasaidie kumtafuta. Wengi waliopiga hawakuleta habari; walipiga kumsifu. Watu wa New York walikuwa wamechoka. Uhalifu katika treni zile ulikuwa mwingi, na mtu aliyeporwa mara nyingi hakuona mwizi wake akiadhibiwa. Basi watu hao waliona katika mtu asiyejulikana kitu walichokitamani mioyoni mwao: mnyonge aliyesimama akakataa kuonewa. Magazeti yakampa jina la mlipiza kisasi wa treni, yakamfananisha na mtu wa sinema moja iliyotolewa mwaka 1974, ambaye huzunguka usiku akiwapiga risasi wahalifu.

Wengine, hasa wazazi weusi wenye vijana wa umri ule, waliona mtu mwingine kabisa. Walimwona Mzungu aliyewatazama watoto wao akaona wanyama. Meya wa mji, Edward Koch, alionya kwamba mji hauwezi kuruhusu kila mtu awe polisi na hakimu wa nafsi yake.

Katika siku zile uvumi nao ulipata miguu. Ilionekana kwamba wawili kati ya vijana wale walikuwa na bisibisi ndani ya makoti yao. Bisibisi hizo hazikutolewa wala kuonyeshwa. Vijana walisema zilikuwa za kufungulia mashine za michezo ili waibe fedha zilizomo. Lakini magazeti kadhaa yaliandika kwamba bisibisi zilikuwa zimenolewa, kana kwamba ni visu. Habari hiyo haikuwa kweli. Mwenye kuisoma alikuwa amekwisha kuamua kwamba vijana wale walikuja kuua, na neno "zimenolewa" lilimfaa, akalipokea bila kuuliza limetoka wapi.

Hapa twajifunza jambo la kwanza: mtu akikosa habari juu ya nia ya mwenzake, haachi mahali pale patupu. Hupajaza kwa hofu yake mwenyewe, au kwa uchungu wake mwenyewe.

3. Mpiga risasi mwenyewe alisema nini?

Mtu aweza kutuambia, "Kwa nini kubuni? Si aulizwe mwenyewe?" Aliulizwa. Na hapo ndipo jambo linapozidi kuwa gumu.

Goetz alizungumza na polisi kwa saa kadhaa, na maneno yake yakarekodiwa, mara moja kwa kanda ya sauti na mara nyingine kwa kanda ya picha. Alieleza kwamba mwaka 1981 alishambuliwa na vijana watatu akaumizwa. Mmoja alikamatwa, lakini Goetz aliona kwamba sheria haikumtendea haki aliyeumizwa. Aliomba leseni ya bastola, akanyimwa kwa kuwa hakuonyesha sababu ya kutosha. Basi akajipatia bastola bila leseni, akawa akitembea nayo. Alisema kwamba mara mbili kabla ya siku ile alipata kuwafukuza washambuliaji kwa kuwaonyesha bastola tu, bila kufyatua.

Juu ya siku yenyewe alisema kwamba alikuwa na hakika hakuna kijana yeyote kati ya wale mwenye bunduki. Hata hivyo aliogopa kupigwa hata kulemazwa, kwa kuwa yalikwisha kumpata. Alisema tabasamu la Canty na mng'ao wa macho yake vilimwonyesha kwamba wanataka kumchezea. Alisema alipanga kichwani, kabla ya kuchomoa bastola, aanze na nani amalize na nani. Alisema nia yake ilikuwa kuwaua, kuwaumiza, wateseke kadiri iwezekanavyo. Tena alisema kwamba baada ya kufyatua mara nne alimtazama Cabey, akaona kama hana jeraha, akamwambia kwamba anaonekana mzima, basi achukue nyingine. Akafyatua ya tano.

Msomaji atasema, "Basi, nia imepatikana. Kinywa chake kimemshtaki." Mwendesha mashtaka naye alisema hivyo. Lakini wakili wa utetezi, Barry Slotnick, aliwaambia waamuzi kwamba maneno yale ni ya mtu aliyechanganyikiwa, aliyekimbia siku tisa bila raha, akaja kusimulia kama ndoto jambo lililokwisha kwa sekunde chache. Mashahidi wengi waliokuwa ndani ya behewa walisema risasi zililia mfululizo, bila nafasi ya mtu kusimama na kusema neno. Shahidi mmoja alisema alimwona Goetz akisimama mbele ya Cabey aliyekuwa ameketi, akampiga.

Je, maneno yale yalitamkwa kweli ndani ya treni? Au yalizaliwa baadaye katika mawazo ya mtu aliyekuwa akijiona shujaa na mwovu kwa pamoja? Hapa twafika kwenye jambo la pili la kujifunza: hata mtenda mwenyewe si shahidi wa hakika wa nia yake. Atendapo kwa hofu kuu, moyo hauketi chini kuandika kumbukumbu. Akili huja nyuma, kama karani aliyechelewa kikaoni, ikaandika yale inayodhani yalisemwa.

4. Na nia ya wale vijana?

Wapenzi, tusisahau kwamba katika kesi hii kulikuwa na nia za watu watano, si za mtu mmoja. Je, Canty aliomba au alinyang'anya? Mahakamani alisema aliomba tu. Lakini askari mmoja alishuhudia kwamba Canty, akiwa amelala na jeraha, alimwambia kwamba walikuwa wanataka kumpora yule mtu. Mwandishi wa gazeti Jimmy Breslin naye alieleza kwamba Cabey, alipozungumza naye hospitalini, alisema wenzake walimwona Goetz kuwa windo jepesi.

Maneno matatu, "nipe dola tano," yanaweza kuwa ombi, yanaweza kuwa utani wa kijana mbele ya wenzake, yanaweza kuwa tishio. Yote hutegemea sauti, uso, na umbali wa aliyesimama. Sauti ile imekwisha kupotea. Aliyeisikia vizuri zaidi ni mtu aliyekuwa amekwisha kupigwa miaka mitatu nyuma, naye aliisikia kwa masikio ya mwaka 1981.

Tena na tukumbuke: hata kama walikusudia kumpora, hilo halijibu swali juu ya risasi ya tano. Na hata kama Goetz alikuwa na chuki, hilo halithibitishi kwamba vijana wale walikuwa malaika. Watu wengi hudhani kwamba mmoja akiwa mbaya, wa pili lazima awe mwema. Si lazima.

5. Ubao wa pande mbili

Tulipokuwa tukifundisha walimu wanafunzi, tulizoea kuwachorea mstari katikati ya ubao wanapokuwa na swali gumu. Na tuchore mstari huo hapa.

(a) Alitembea na bastola miaka mitatu. Upande mmoja twaweza kuandika: alikuwa mwoga aliyekwisha kuumizwa. Upande wa pili: alikuwa akingoja siku yake.

(b) Mara mbili zamani bastola iliwatosha maadui kwa kuonyeshwa tu, lakini safari hii alifyatua bila kuionyesha kwanza. Upande mmoja: walikuwa wanne, hakuona nafasi ya kuonya. Upande wa pili: safari hii hakutaka wakimbie.

(c) Alikimbia. Upande mmoja: aliogopa kukamatwa na bastola isiyo na leseni. Upande wa pili: alijua amekosa.

(d) Alijisalimisha. Upande mmoja: dhamiri ilimsumbua. Upande wa pili: alikuwa amekwisha kusikia kwamba mji unamsifu.

Mnaona? Kila jambo lina mikono miwili. Mwenye kumpenda Goetz atachukua upande wa kwanza wote, naye atasema ana ushahidi mwingi. Mwenye kumchukia atachukua upande wa pili wote, naye atasema vivyo hivyo. Kumbe wote wawili wana ushahidi uleule. Kilichozidi ni mapenzi yao.

Je, rangi ya ngozi ilikuwa na sehemu gani? Ilidaiwa kwamba mwaka 1980, katika mkutano wa majirani, Goetz alipata kutamka maneno ya matusi juu ya watu weusi na watu wa asili ya Kihispania. Waamuzi wa kesi ya jinai hawakuwekewa neno hilo mbele yao. Miaka mingi baadaye, katika kesi ya madai ya mwaka 1996, yeye mwenyewe alikiri kwamba alilitamka. Basi dharau ilikuwamo. Lakini je, dharau ndiyo iliyofyatua bastola siku ile, au ilikuwa imelala tu ikasikia hofu inabisha mlango? Sisi twaamini kwamba chuki na hofu si majirani waliotenganishwa na ukuta. Mara nyingi hula sahani moja. Aliyefundishwa kuwadharau watu fulani huwaogopa upesi zaidi, na awaogopaye hupata sababu mpya ya kuwadharau. Kwa hiyo kuuliza, "Ilikuwa hofu au chuki?" huenda ni kuuliza vibaya.

6. Sheria inauliza nini?

Watu wenye hekima ya sheria walikwisha kuona shida hii, nao walitafuta njia. Hapa kuna maneno mawili ya kutofautisha: kusudi na kisa. Kusudi ni lile ambalo mtu alitaka litokee, kwa mfano kuua. Kisa ni lile lililomsukuma, kwa mfano hofu, hasira, wivu au kisasi. Kwa jumla sheria hushughulika sana na kusudi, na kisa hukitumia tu kama taa ya kumulikia.

Lakini katika kesi ya kujihami sheria ya New York iliuliza jambo lingine la tatu: Je, mtu huyu aliamini, tena kwa busara, kwamba anashambuliwa na kwamba nguvu ile ilikuwa lazima? Neno "kwa busara" ndilo lililoleta mabishano makubwa. Mwezi Januari 1985 baraza la raia linaloamua kama kuna sababu ya kushtaki lilikubali shtaka la silaha tu. Mwezi Machi baraza la pili likakubali mashtaka ya kujaribu kuua. Januari 1986 jaji aliyafuta mashtaka hayo makubwa, kwa sababu mojawapo kwamba yatosha kuangalia kama jambo lilikuwa la busara machoni pa Goetz mwenyewe. Julai 1986 mahakama ya juu ya rufani ya jimbo lile, chini ya Jaji Mkuu Sol Wachtler, ikayarudisha. Ilisema kipimo si macho ya mtu mmoja peke yake. Ni lazima kuuliza mtu wa kawaida mwenye busara angeonaje, akiwekwa mahali palepale, akijua yale aliyoyajua, pamoja na yale yaliyompata zamani.

Sababu yake yaeleweka hata bila kusoma sheria. Kama kipimo kingekuwa hofu ya mtu mwenyewe tu, basi kadiri mtu alivyo mwoga, au alivyo na chuki, ndivyo angepewa ruhusa kubwa zaidi ya kuua. Sheria za kwetu Tanzania na Kenya, ambazo zilirithi mengi kutoka Uingereza, nazo humruhusu mtu kujihami, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari.

Mwanafunzi wa Biblia atakumbuka kwamba jambo hili ni la kale. Katika Kutoka 22:2-3 sheria ya Musa humtofautisha mwizi aliyeuawa akivunja nyumba usiku na yule aliyeuawa jua likiwa limechomoza. Kwa wa kwanza hakuna hatia ya damu, kwa wa pili iko. Mwizi ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mchana mwenye nyumba aweza kuona. Na katika Hesabu 35, pale penye habari za miji ya makimbilio, watu wa mkutano hawaambiwi waufungue moyo wa muuaji wautazame. Wanaambiwa watazame alikuwa na chombo gani mkononi, kama alimvizia mwenzake, kama walikuwa na uadui tangu zamani. Yaani, waitafute nia kwa nyayo zake zinazoonekana, na wasiende mbali kuliko nyayo.

7. Mabaraza mawili, majibu mawili

Katika kesi za Marekani za namna hii, hatia huamuliwa na baraza la raia kumi na wawili. Hao si kama wazee wa baraza tuliokuwa tukiwaona kwetu wakimshauri jaji. Wao ndio wenye neno la mwisho juu ya hatia. Tarehe 16 Juni 1987 raia hao, kumi Wazungu na wawili weusi, walimwona Goetz hana hatia ya kujaribu kuua wala ya kushambulia. Walimwona na hatia moja tu, ya kuwa na bastola bila leseni. Alikaa gerezani karibu miezi minane.

Mwaka 1996, katika mahakama ya Bronx, baraza lingine la raia sita, ambao hakuna Mzungu kati yao, lilisikiliza madai ya Darrell Cabey, aliyekuwa katika kiti cha magurudumu tangu siku ile. Baraza hilo lilimwamuru Goetz amlipe dola milioni 43. Goetz hakuwa na fedha hizo, akajitangaza kuwa amefilisika.

Ni kweli kwamba kesi ya jinai na ya madai hazina kipimo kimoja. Katika ya kwanza lazima hatia ithibitishwe pasipo shaka yoyote ya maana. Katika ya pili yatosha mizani ielemee upande mmoja. Hata hivyo hatuwezi kujizuia kuona jambo hili: mtu mmoja, treni moja, risasi tano zilezile, na raia wa mji mmoja wakasoma humo nyoyo mbili tofauti. Hatusemi kwamba raia hao walikuwa waongo. Twasema kila mmoja wao aliingia mahakamani na safari zake mwenyewe za treni.

8. Usiku mmoja chuoni

Tuliahidi kurudi nyumbani. Na kwa kuwa si haki kuchambua moyo wa mtu wa mbali na kuuficha wetu, tutasimulia jambo ambalo hatujapata kuliandika.

Zamani, tulipokuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha ualimu, kulitokea wizi mwingi. Blanketi za wanafunzi ziliibwa, sufuria za jikoni ziliibwa, na redio yetu iliibwa nyumbani mwetu mchana kweupe. Tulitoa habari kituoni, tukaambiwa tungoje. Tukangoja. Usiku mmoja tukiwa katika zamu, tulisikia kishindo nyuma ya ghala. Tulichukua nondo tuliyokuwa tumeiweka kando ya mlango kwa kazi hiyo. Tuliona mtu amechuchumaa gizani, ana kitu cha chuma mkononi. Hatukuuliza. Tulimpiga begani.

Akalia, "Mwalimu, ni mimi!" Tukaitambua sauti. Alikuwa mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili. Tumbo lilikuwa linamsumbua, alikuwa anatoka chooni, na chuma kile kilikuwa kopo la maji.

Wapenzi, tulimpiga pigo la pili.

Mfupa wa bega ulivunjika. Kesho yake chuo kizima kilikuwa na maelezo. Wengine walisema mwalimu ni shujaa, amelinda mali ya chuo, na kijana alikuwa na lake nyuma ya ghala. Wengine walisema mwalimu alimchukia kijana yule kwa sababu alizoea kubishana darasani, akapata nafasi. Kikao cha walimu kilituuliza, nasi tukajibu kwamba tuliogopa, giza lilikuwa kubwa, mkono ulikwisha kuinuka. Jibu likakubaliwa.

Pigo la kwanza lilikuwa hofu; hilo twaweza kulisema hata leo. Lakini la pili? Sauti ilikuwa imekwisha kusikika. Je, mkono ulikuwa umekwisha kuinuka kweli? Au ilikuwa hasira ya redio, na ya kuambiwa tungoje? Au ilikuwa aibu, kwamba tumekosea, na mtu aliyekosea hutamani aliyekosewa awe na hatia japo kidogo? Tumejiuliza kwa miaka mingi. Siku nyingine tunapata jibu moja, siku nyingine jingine. Tulimwendea hospitalini, tukamwambia ukweli kwamba tuliisikia sauti yake. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua, Mwalimu." Alituliza moyo kwa kutotuuliza sababu, kwa maana hatukuwa nayo ya kumpa. Alimaliza masomo, akawa mwalimu, na bega lake halikunyooka tena vizuri.

Basi tusomapo habari za Goetz na risasi ya tano, hatuwezi kusema kwamba twaijua nia yake. Ya pigo letu wenyewe hatuijui yote, nasi tulikuwapo.

9. Basi tufanyeje?

Mtu asiseme kwamba somo hili linafundisha kutohukumu matendo. La, hasha. Cabey alipooza, na bega la kijana lilivunjika, haidhuru moyoni mlikuwa na nini. Lazima matendo yapimwe, na mahakama zifanye kazi yake. Lakini twapendekeza mambo manne:

Kwanza, tukisikia habari ya mtu aliyempiga au kumwua mwenzake kwa kusema anajihami, tuulize yaliyotendeka kabla ya kuuliza sababu. Nani alikuwa wapi? Alikuwa na nini mkononi? Nani aliona?

Pili, tukitaja nia, tuseme "huenda." Neno hilo ni dogo, lakini limewaokoa wengi. Mtaani kwetu kelele ya "Mwizi!" ni hukumu juu ya nia ya mtu anayekimbia, nayo hutolewa kabla uso wake haujaonekana. Wamekufa watu waliokuwa wakiliwahi basi tu.

Tatu, tuipime hofu yetu kabla ya siku ya hatari. Aliyeweka nondo mlangoni, kama sisi, au bastola mfukoni, kama Goetz, amekwisha kufanya nusu ya uamuzi mchana, akiwa na akili zake. Nusu iliyobaki atafanya gizani. Na ajiulize mchana huo: ni watu gani ninaowaogopa upesi, na nani alinifundisha kuwaogopa?

Nne, aliyetenda asiharakishe kujipa sababu nzuri, wala asijisingizie mbaya kuliko ilivyokuwa. Atoe yale anayoyajua kwa hakika. Mwenye jeraha mara nyingi hudai ukweli wa tendo kwanza, kabla ya maelezo yoyote.

Maswali ya kujadiliana

1. Soma tena sehemu ya 5. Je, wewe binafsi ulivutwa na upande gani wa ubao? Ni jambo gani katika maisha yako lililokuvuta huko?

2. Kwa nini jaji wa rufani hakukubali kwamba hofu ya mtu mwenyewe yatosha kuwa kipimo? Toa mfano wa kijijini au mtaani kwenu.

3. Soma Hesabu 35:16-24. Taja mambo yanayoonekana ambayo watu wa mkutano waliagizwa kuyachunguza. Je, kwenu wazee wa ukoo hufanya hivyo wanaposuluhisha ugomvi?

4. Mabaraza mawili ya raia yalitoa majibu mawili. Je, hiyo ni sababu ya kudharau mabaraza ya watu, au ni sababu ya kuyachagua kwa uangalifu zaidi? Eleza.

5. Je, umewahi kupiga "pigo la pili," kwa mkono au kwa maneno? Swali hili si la kujibiwa mbele ya kikundi. Kila mtu aende nalo nyumbani.